Sura Haionekani

Jumanne, 4 Machi

Kozi ya maadili inataka kila mwenye leseni aandike shajara kwa msimu mzima wa masika. Hakuna atakayeisoma. Kwenye tovuti ya Baraza linalotupa leseni kuna kisanduku tu cha kuweka tiki: "Ninaandika shajara." Nimeweka tiki yangu, halafu nikaenda dukani kununua daftari hili lenye picha ya paka, kwa sababu tiki bila daftari ingenikera.

Tiki ya daktari pia nimeiweka mimi. Ndivyo tunavyofanya hapa kliniki. Daktari ana shughuli nyingi, mimi ndiye mwenye subira na kompyuta, basi kila mwaka namfanyia kozi yake kwa namba yake ya siri. Mwaka huu somo ni wagonjwa na mitandao. Maswali ishirini. Mimi nimepata kumi na nane. Yeye amepata ishirini, maana nilipofika kwake nilishajua nilipokosea. Tumecheka sana, mimi, yeye na dada wa mapokezi.

Mvua ya kwanza imenyesha mchana.

Alhamisi, 6 Machi

Nijieleze, ijapokuwa hakuna msomaji. Mimi ni muuguzi wa vidonda. Miaka kumi na tisa niko kwenye chumba kile kile kidogo chenye kitanda cha mpira, sinki, na dirisha linalogoma kufungwa. Watu huniuliza huwa nakulaje nikitoka humo. Nakula vizuri tu, tena naongeza. Usaha hauna kinyongo na mtu. Nyama ikifa inaoza, haijifanyi kitu kingine. Sijawahi kutapika kazini hata siku moja, na kwa hilo najisifu.

Leo alikuja Mama Viraka. Ni fundi cherehani wa barabara ya nyuma, na jina hilo amepewa na mtaa kwa sababu mabaki ya vitambaa hayatupi, anayaunga na kushona vitambaa vya meza, foronya, mashuka. Sidhani kuna nyumba huku kwetu isiyokuwa na kiraka chake. Ana kisukari, na ana kidonda juu ya kifundo cha mguu wa kulia, mguu anaokanyagia cherehani. Kikishuka mpaka mfupani, mguu utakatwa, na anajua. Huja na kitambaa chake cha viraka, anakitandika chini ya mguu.

"Mpira wenu una baridi ya chura," anasema.

Nikaweka rula yangu ya karatasi kando ya kidonda, nikapiga picha kwa simu ya kliniki, kama tufanyavyo kila wiki ili tujue kinapungua au kinakua. Sentimita sita kwa nne.

"Hiyo picha inakwenda wapi?" akauliza.

"Kwenye faili lako tu, mama."

Akasaini fomu polepole, herufi moja moja, kama mtu anayeshona kifungo.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Mama Viraka: tano na robo tatu kwa nne. Kinashuka.

Alhamisi, 13 Machi

Daktari amenunua taa ya duara ya kujirekodia. Dada wa mapokezi ameshampa jina: Daktari Taa. Leo amejirekodi na kujiweka mtandaoni akieleza namna ya kukagua miguu ya mgonjwa wa kisukari. Sitamdhulumu, alieleza vizuri na kwa lugha ya watu. Nikambofyia moyo mwekundu. Nadhani wangu ulikuwa wa tatu.

Jumanne, 18 Machi

Tano na nusu kwa tatu na nusu. Mama Viraka alicheka niliposoma. Kasema nikifika mbili atanishonea aproni.

Jumatatu, 24 Machi

Leo siandiki kwa raha.

Nilikuwa nimeshafungua bandeji ya Mama Viraka, nikaona utepe wa nyama iliyokufa umeanza kuachia wenyewe kwenye ukingo. Hiyo ni habari njema, inatoka kwa koleo ndogo bila kukata. Daktari akaingia na simu yake mkononi na ile taa yake kwapani.

"Ya mafunzo tu, sista," akaninong'oneza. "Sura haionekani."

Mama alikuwa amelala chali, macho kwenye dari. "Anafanya nini daktari?"

"Anaangalia maendeleo, mama," nikasema.

Nimeandika maneno yangu kama nilivyoyasema. Hakuna aliyenilazimisha.

Nikaushika ule utepe, nikauvuta taratibu, ukatoka mzima. Daktari akasonya. Simu ilikuwa haijaanza kurekodi.

"Rudisha kidogo," akasema. "Rudisha pale pale, halafu utoe tena. Taratibu, uelekee kwenye taa."

Na mimi nikarudisha. Nikachukua nyama iliyokufa, iliyokwisha kutoka mwilini mwa mtu, nikailaza tena juu ya kidonda chekundu kilichokuwa kimeanza kupona, kisha nikaitoa kwa ajili ya simu. Halafu nikasafisha kwa maji ya chumvi, nikafunga, nikamwambia mama tuonane Jumanne ya wiki ijayo. Nilipofika nyumbani nilinawa mikono mara tatu, ingawa nilikuwa nimevaa glavu.

Ijumaa, 28 Machi

Video imetoka. Kichwa chake: USIANGALIE KAMA UNAKULA. Daktari anaongea kwa sauti ya utulivu, chini yake mguu, rula yangu ya karatasi, kitambaa cha viraka, na mikono yangu.

Mdogo wangu ninayeishi naye alikuwa jikoni, akanifuata mbio na simu.

"Dada! Hii mikono si yako? Hicho kidole kilichopinda nakijua, hata kwenye glavu! Watu wanakusifia, soma!"

Nikasoma. Mikono ya dhahabu. Huyu nesi apewe tuzo. Nani mwenye mikono hii anioe. Niseme ukweli, nilivimba kichwa. Kwa muda wa sufuria moja ya chai nilikuwa mtu wa maana. Kisha nikashuka chini. "Harufu naisikia mpaka huku." "Mtu unajiachaje mpaka unaoza?" "Huyu bibi hana watoto wa kumwogesha?" Na vikatuni vya kutapika, vya kijani, safu baada ya safu.

Nikamuuliza mdogo wangu kama naye ameandika. Akacheka, akaficha simu. Kumbe ameandika. Sikutaka kujua alichoandika.

Jumanne, 1 Aprili

Mama Viraka hakuja. Mvua kubwa, nikajiambia ni mvua.

Alhamisi, 3 Aprili

Hakuja. Wengine wote walikuja, hata mzee wa magongo ambaye barabara yake imegeuka mto.

Jumatatu, 7 Aprili

Hakuja. Simu yake haipatikani.

Dada wa mapokezi ndiye aliyenipasulia. "We nesi nawe unajitia hamnazo. Mtaa mzima unajua ule ni mguu wa nani. Kile kitambaa! Mama yangu analo shuka la viraka vile vile, kile chekundu chenye nukta ni kipande cha gauni langu la shule. Tulimwambia siku hiyo hiyo, jamani Mama Viraka, umekuwa maarufu."

"Mlimwambia?"

"Tulidhani anajua. Si mlimrekodi?"

Nikaenda kwa daktari. Alikuwa anahesabu wafuasi wapya na hakuinua macho.

"Daktari, yule mama ametambulikana. Amekatisha matibabu. Futa ile video."

"Ametambulikanaje? Sura haionekani. Jina halipo. Namba ya faili kwenye rula nimeikata."

"Kitambaa chake kinajulikana."

"Kitambaa!" Akacheka kabisa. "Sista, mimi maadili nayajua. Mwaka huu nimepata ishirini kwa ishirini."

Akanionyesha ukutani. Amekichapisha cheti, amekitia kwenye fremu, amekitundika juu ya meza. Aliniambia hayo mimi, mimi niliyejibu maswali yote ishirini, tena bila kupepesa macho. Nilingoja acheke ili nijue anatania. Hakucheka. Nadhani ameshaamini kwamba kozi aliifanya mwenyewe. Nilitoka mle ndani nikihisi kama nimelamba sakafu ya choo.

Swali la kumi na moja nalikumbuka vizuri: Je, kuficha sura kunatosha kulinda utambulisho wa mgonjwa? Jibu ni hapana. Kwangu nililikosa. Kwake nililipata.

Ijumaa, 11 Aprili

Niliomba ruhusa, nikaenda nyumbani kwa Mama Viraka na mkoba wangu wa vifaa. Njia ni tope tupu, kiatu kimoja nilikiacha mara mbili, ikabidi nikirudie. Mlango ulifunguliwa na mkwe wake, mke wa mwanawe. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Alisimama tu mpaka sauti ikatoka ndani.

"Nani?"

"Ni yule nesi."

Kisha: "Mwambie simu yake ibaki nje."

Nikaiweka kibarazani, juu ya ndoo iliyofunikwa. Mkwe akaitazama kama anayetazama panya, akaingia nyuma yangu, akafunga mlango.

Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa shuka. Miezi yote ninayomfahamu sijawahi kupita nje ya nyumba ile nisisikie ule mlio wake. Mama alikuwa amekaa kitandani, mguu kwenye stuli, amejifunga mwenyewe kwa kitambaa kilichochanwa. Harufu niliipata kutoka mlangoni, na harufu ile naijua inasema nini. Sikuchelewa.

"Mama, nifungue."

"Fungua. Lakini hiyo karatasi yako ya kupimia usiitoe. Niliiona kwenye simu."

Nikafungua kitambaa. Kilikuwa kimegandia, nikakilowesha kwa maji ya chumvi mpaka kikaachia. Mkwe aligeuza uso. Mimi sikuona kinyaa, naapa. Niliona tu kwamba nilichokuwa nimekijenga kwa wiki zote kimebomoka. Mama akanyoosha mkono kwenye meza ya cherehani, akanipa tepu yake ya kupimia nguo.

"Tumia hii."

Saba kwa tano. Chini yake kuna mfuko wa usaha ambao mwanzoni haukuwepo.

Nilisafisha, nikakata kilichokufa, na wakati wote huo yeye akaongea akitazama ukuta.

"Bibi harusi wa hapo jirani alikuja juzi kuchukua kitambaa chake. Sijakigusa hata kwa sindano. Alikishika hivi." Akaonyesha kwa ncha za vidole viwili. "Akasema mama yake atatafuta fundi mwingine, eti mimi nipumzike nipone. Baada yake wakaja watatu. Wote wanataka nipumzike."

Nilichovya shashi nyingine kwenye maji ya chumvi.

"Mguu huu una ganzi, mwanangu, unajua. Siku ile sikusikia kitu. Nimejua kwa kuangalia. Mkwe wangu alinionyesha, nikamwambia rudia. Nikaangalia mara nyingi. Kipande kilikuwa tayari kiko kwenye kile chuma chako, halafu ukakilaza juu ya mguu, halafu ukakiinua. Nikasema labda ndiyo dawa. Nikamuuliza mkwe wangu, hii ni dawa?" Akanigeukia. "Ni dawa?"

"Hapana, mama."

"Basi ilikuwa nini?"

"Daktari alitaka kurekodi. Mara ya kwanza simu ilikuwa haijaanza. Aliniambia nirudishe, nikarudisha."

"Na ukaniambia anaangalia maendeleo."

"Ndiyo."

Aligeukia tena ukuta. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hata kama angelia nisingesikia. Hakulia.

"Funga," akasema mwishowe. "Huko kwenu sirudi. Ukitaka kuja, njoo. Usije kwa kunionea huruma, huruma nimeshachoka nayo. Halafu nenda kwa wakubwa wenu ukaseme kama ilivyokuwa. Yote. Usichague."

Nilikuta simu yangu imelowa.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemwambia daktari kwamba mgonjwa hataki, na fomu aliyosaini ni ya faili tu. Akanikazia macho, akaniita mwenye wivu. Mchana ametoa toleo jipya. Kitambaa amekitia ukungu, na amelipamba kwa muziki wa kinanda. Maandishi juu: KWA KUHESHIMU FARAGHA. Limetazamwa kuliko la kwanza.

Jumatano, 16 Aprili

Sita na nusu kwa tano, kwa tepu ya nguo. Nakwenda asubuhi kabla ya kazi. Simu naiacha nyumbani kabisa.

Ijumaa, 18 Aprili

Vivyo hivyo. Nimemsimulia mama na ya kozi. Viatu havikauki.

Jumatatu, 21 Aprili

Sita kwa nne na nusu. Mfuko umepungua. Mkwe ameanza kutazama. Leo alinishikia shashi bila kuombwa, nikamfundisha kunawa kabla na kutogusa katikati. Mama alimwambia, "Jifunze, huyu hatakuwepo siku zote." Sijui alijuaje.

Jumanne, 22 Aprili

Nimeandika maelezo kwa Baraza. Nimeandika matoleo mawili. La kwanza lina video, fomu, kitambaa, nyama iliyorudishwa. La pili lina hayo yote na kozi.

Mdogo wangu aliyasoma yote mawili akiwa amesimama.

"Dada, unajipalia makaa. La kwanza linatosha. La kozi ni la nini?"

"Atawaonyesha cheti."

"Aonyeshe! Wewe sema lake, lako liache. Nani asiyefanyiwa kozi hapa? Utapoteza leseni kwa maswali ishirini ya kubofya?"

Anachosema ni kweli, na ndicho kinachonichefua. Nilipiga hesabu ya ninaowajua: mfamasia anafanyiwa na mkewe, mkunga anafanyiwa na mwanawe aliye sekondari. Tumefanya maadili yawe kama foleni ya maji, anayewahi anamkingia mwenzake. Na mimi ndiye nilikuwa nikisifiwa kwa kukingia haraka.

Nikamuuliza mdogo wangu aliandika nini kwenye ile video. Alikataa kusema, kisha akasema. Yeye ndiye aliyeuliza kama yule bibi hana watoto wa kumwogesha.

Hatukusemezana tena leo.

Jumanne, 6 Mei

Nimepeleka la pili, lenye kozi. Tano na nusu kwa nne.

Jumatatu, 12 Mei

Tano kwa tatu na nusu. Kliniki hakuna anayenisalimia isipokuwa dada wa mapokezi, naye ananisalimia daktari akiwa chooni.

Jumanne, 20 Mei

Barua ya Baraza imefika. Kurasa mbili. Wananishukuru kwa uaminifu wangu. Kwa kuwa nimekiri kufanya mtihani wa mtu mwingine, na kwa kuwa nimekiri kumdanganya mgonjwa, leseni yangu imesimamishwa tangu leo mpaka uchunguzi utakapokwisha. Kuhusu daktari, yeye amekana, na kumbukumbu zinaonyesha alimaliza kozi husika kwa alama zote, kwa hiyo ataendelea na kazi wakati wanamchunguza.

Nimeisoma mara nne nikitafuta mahali niliposoma vibaya. Hapapo popote. Sioni kosa kwenye adhabu yangu, nilistahili na zaidi. Kinachonitia kinyaa ni zile alama zote. Ni zangu. Nilizitoa mimi kichwani mwangu, nikampa, na sasa amejifunika nazo.

Jioni akatoa video. Amekaa mbele ya taa yake, shati jeupe, macho yamelowa. Anasema sisi wahudumu wa afya nasi ni binadamu, tunajifunza. Anasema amesamehe wote waliomkosea. Anasema kuna mwenzake aliyemwamini. Kisha akapangusa jicho la kushoto, akangoja kidogo, akalipangusa tena. Nikaona. Mara ya kwanza hakuelekea kwenye taa vizuri. Alirudia.

Niliwahi sinki la jikoni. Nilitapika chakula cha mchana na chai na sijui nini tena, mdogo wangu akinishika mabega. Miaka kumi na tisa.

Jumatano, 21 Mei

Siruhusiwi kugusa kidonda cha mtu. Nimekwenda kumwambia Mama Viraka, nikasimama mlangoni, sikuingia na mkoba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulisema yote?"

"Yote, mama."

"Na ya kozi?"

"Na ya kozi."

Akaitikia kwa kichwa. Hakunipongeza, nami nashukuru hakunipongeza. Hospitali kubwa watamwona mara moja kwa wiki, siku nyingine atafungwa na mkwe wake. Mkwe alinionyesha mikono yake imenawishwa mpaka viwiko. Nilipokuwa naondoka nilisikia nyuma yangu cherehani ikianza, mguu mmoja tu, wa kushoto, kwa kusitasita.

Jumamosi, 31 Mei

Hakuna kitu. Nimefua mapazia.

Ijumaa, 6 Juni

Mvua zinakata. Daktari ana wafuasi mara mbili ya alivyokuwa Machi.

Alhamisi, 12 Juni

Msimu umekwisha, na kozi inasema shajara iishe na msimu. Nilikuwa nimekaa kuandika kwamba sina la kuandika.

Simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa mkwe wa Mama Viraka, na ujumbe wenyewe ni picha. Mguu wa kulia, juu ya kitambaa cha viraka, kile chekundu chenye nukta kikiwa mbele kabisa. Kando yake tepu ya nguo, imenyooshwa vizuri, sifuri kwenye ukingo kama nilivyomfundisha mkwe. Mbili kwa moja na nusu. Nyama nyekundu, ukingo wa ngozi mpya pande zote.

Chini yake sauti, ya mama mwenyewe:

"Hii nimepiga mimi. Nimekupa wewe. Angalia, halafu futa."

Niliangalia kwa muda mrefu. Kisha nikafuta.